Dhima ya Mwenye Kutumia Kanuni

Neno kanuni lilikuwa kifaa kabla ya kuwa fikira. Wayunani wa kale waliita kanon ule ufito ulionyoka ambao mwashi aliulaza juu ya jiwe ili aone kama limesawazika. Kutoka kwao neno lilihamia kwa Waarabu, likapata maana ya sheria, na kwa njia hiyo likafika pwani ya Afrika Mashariki, ambako limekaa kitambo kirefu hata watumiaji wake wakasahau kwamba lilipata kushikwa kwa mkono. Siku hizi neno hilo limerudi kwa mjenzi, lakini limerudi bila ufito. Katika programu za kompyuta zinazotumika kusanifu majengo, karibu kila kipimo cha nyumba chaweza kufungwa kwa kanuni: chumba kikipanuliwa, boriti hunenepa, orofa ikiinuliwa, vidato vya ngazi huongezeka vyenyewe. Jambo hili husifiwa kwa wepesi wake, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini ndani yake mna swali ambalo wepesi hauwezi kulijibu. Mtu atumiaye kanuni asiyoitunga, na ambayo pengine hajui ilitungwaje, ana dhima gani kwa matokeo yake?

Ili swali lisielee hewani, yafaa lishushwe mahali. Goba ni kata ya pembeni mwa jiji la Dar es Salaam. Zamani ilihesabiwa katika Wilaya ya Kinondoni, na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Ni nchi ya vilima na mabonde. Palipokuwa mashamba pamesimama nyumba, na nyingine zaendelea kusimama. Kando ya barabara ziendazo Mbezi, Madale, Makongo na Tangi Bovu huuzwa saruji, nondo, mabati na matofali, na mtu apitaye asubuhi husikia mlio wa mashine ya kuchanganya zege kabla hajaiona. Mahali kama hapo ramani ya nyumba ni bidhaa kama bidhaa nyingine. Na achukuliwe, kwa mfano tu, mchoraji kijana mwenye kompyuta yake ndogo, mwenye bidii na mwaminifu, ambaye katika hazina yake ana boriti, nguzo, milango na ngazi zilizokwisha kufungwa kwa kanuni na mtu mwingine, akazipokea kutoka kwa mwenzake, ambaye naye alizipokea kwa mwenzake. Kijana huyu si mwovu, na mjadala huu haumhitaji awe mwovu. Swali lingekuwa jepesi mno kama angekuwa hivyo.

Kanuni katika programu hizi ni sentensi fupi. Mchoraji huvipa vipimo majina, kisha huandika uhusiano wao. Mathalan, aweza kuandika kwamba kimo cha boriti ya zege, ile ambayo mafundi huiita bimu, ni upana unaovukwa kugawanywa kwa 20. Tangu hapo hana haja ya kukokotoa tena. Chumba kikiwa cha mita 4, boriti hupata milimita 200. Mwenye nyumba akitamani sebule ya mita 6, boriti hupanda yenyewe hata milimita 300, bila mtu kugusa kitu. Wazo hili lina umri kuliko wengi wanavyodhani. Ivan Sutherland alilionyesha huko Marekani mwaka 1963 katika programu iliyoitwa Sketchpad, ambamo mistari iliweza kuamriwa kubaki sambamba au kulingana urefu; na programu ya Revit, iliyotoka mwaka 2000, ni mojawapo ya zile zilizolieneza katika ofisi za wasanifu majengo duniani.

Programu hata ina adabu zake. Mchoraji akijaribu kujumlisha urefu na eneo, hukataa na kumwambia kwamba vipimo havilingani. Akisahau mabano, hukataa. Uangalifu huu humtia mtu imani, maana aonaye kosa dogo likikamatwa hudhani kwamba kubwa halitapita. Lakini kinachokaguliwa hapo ni sarufi, wala si ukweli. Sentensi yaweza kuwa na upatanisho wa ngeli usio na dosari hata moja, na bado ikawa uongo.

Basi namba 20 ilitoka wapi? Imo katika BS 8110, kiwango cha Waingereza cha ujenzi wa zege, ambacho kilifundishwa na kutumiwa sana Afrika Mashariki, na ambacho Waingereza wenyewe walikiacha mwaka 2010 ili wafuate kanuni za Ulaya. Katika kiwango hicho boriti iliyoegemea ncha zake mbili tu imepewa 20. Ile inayoendelea juu ya nguzo kadhaa imepewa 26. Ile iliyoshikwa upande mmoja, na upande wa pili haina kitu ila hewa, imepewa 7. Namba hizi zimewekwa ili boriti isipinde kupita kiasi. Haziahidi kwamba haitavunjika, maana hiyo ina hesabu zake nyingine. Tena zina mpaka, kwa kuwa upana ukizidi mita 10 haziwezi kuchukuliwa hivi hivi. Na kimo zinachokisema si kimo chote cha boriti, bali ni kile kinachopimwa kutoka uso unaobanwa mpaka katikati ya nondo zinazovutwa. Masharti haya yote yameandikwa kando ya namba. Namba inaponakiliwa, masharti hubaki nyuma, kama wazee wasioweza kusafiri.

Sasa mwenye kiwanja cha mteremko huko Goba, ambaye nyumba yake yatazama bonde, ataka roshani itokeze mita 2 ili apate upepo wa jioni. Mchoraji huchukua boriti kutoka hazina yake na kuivuta. Kanuni hugawanya kwa 20 na kumpa milimita 100. Hesabu ni sahihi. Hakuna mwalimu awezaye kuikosoa. Lakini boriti hiyo imeshikwa upande mmoja, na kigawanyo chake kilipasa kuwa 7, ambacho kingetoa milimita 286 hivi, karibu mara tatu. Programu haikunung'unika, kwa sababu haikuulizwa kama kuna ukuta upande wa pili. Na kosa hili mara nyingi halitembei peke yake. Katika boriti ya kawaida nondo kuu hukaa chini, kwa kuwa upande wa chini ndio unaovutwa. Katika roshani zapasa kukaa juu. Fundi aliyezoea za chini, akipewa mchoro usiosema, ataziweka chini kwa moyo mweupe kabisa.

Yamkini atasema mtu kwamba mfano huu umezidishwa, kwamba mhandisi yeyote angelikamata kosa hilo kwa jicho tupu. Ni kweli, mhandisi angelikamata. Tanzania ina sheria ya usajili wa wahandisi ya mwaka 1997, ina bodi ya wahandisi, ya makandarasi, na ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na makusudi ya bodi hizo ni kwamba kila mchoro upitiwe na jicho linalojua. Lakini kusema hivyo ni kukiri kwamba kanuni yenyewe haitoshi, na kwamba penye kanuni hapana budi pawe na mtu. Swali linabaki pale pale: mtu huyo apaswa kujua nini?

Hapo kale mambo yalikuwa makali, lakini yalikuwa wazi. Sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, zilizoandikwa miaka 1750 hivi kabla ya Kristo, ziliamuru kwamba mjenzi ambaye nyumba yake imeanguka ikamwua mwenyewe auawe. Na ikiwa aliyekufa ni mwana wa mwenye nyumba, auawe mwana wa mjenzi. Hukumu hii ya pili yatia uchungu kwa insafu ya leo, maana mtoto hakuchanganya udongo. Lakini nyuma ya ukali ule palikuwa na jambo moja ambalo leo halipo tena: aliyefikiri, aliyepima na aliyejenga walikuwa mtu mmoja au karamu ya watu waliofahamiana. Siku hizi kazi ile imekatwa vipande. Mmoja alifanya majaribio ya zege katika maabara miaka mingi iliyopita, wa pili akaandika kiwango, wa tatu akakigeuza kuwa kanuni ya programu, wa nne akaivuta boriti, wa tano akatia sahihi, wa sita akamimina zege. Kila mmoja akiulizwa hunyosha kidole kwa aliyemtangulia, na kila mmoja ana sehemu ya haki.

Msomaji aliyeguswa na elimu ya fikihi atatambua kwamba tatizo hili lina ndugu wa zamani. Wanazuoni huita taklidi kule kufuata hukumu ya mwanachuoni bila kujua hoja zake. Wengi wao waliiruhusu kwa mtu wa kawaida, kwa kuwa haiwezekani kila mkulima na kila mchuuzi awe mjuzi wa hoja, dunia ingesimama. Walakini hawakumwachilia mtu huyo bila dhima yoyote. Alipasa amwulize anayestahili kuulizwa, na alipasa aieleze kadhia yake kama ilivyo. Fatwa hufuata swali. Mwenye kuficha nusu ya kadhia, akapata fatwa ya nusu ile, hawezi kujifunika kwayo.

Kanuni katika kompyuta ni mwanachuoni wa namna hii, ila amepungukiwa na jambo moja: hana ulimi wa kuuliza. Mufti mwenye busara akisikia habari haikukamilika, humgeukia mwulizaji na kumwambia, je, mlikuwa mashahidi wangapi? Mke alikuwapo? Kanuni haigeuki. Hupewa mita 2, nayo hurudisha milimita 100. Kwa hiyo sehemu ya kazi ambayo zamani ilifanywa na mufti, kule kuuliza, imeshuka ikamwangukia anayeuliza mwenyewe. Hapa ndipo hoja ya mchoraji wa Goba, kwamba yeye alifuata tu, inapodhoofika. Alikuwa na haki ya kufuata asichokijua chanzo chake. Hakuwa na haki ya kutojua mwisho wake.

Tofauti hii kati ya chanzo na mwisho yastahili kukaziwa, maana wako wanaodai zaidi. Husema kwamba asiyeweza kuithibitisha kanuni tangu mwanzo asiiguse. Dai hilo lina sura ya uadilifu, lakini likifuatwa hapana nyumba itakayojengwa Goba wala Oslo. Mhandisi bora kabisa hutegemea majaribio asiyoyafanya na vipimo asivyovishuhudia. Kuamini ushahidi wa wengine si aibu ya elimu. Ndiyo elimu yenyewe ilivyo. Kinachoweza kudaiwa kwa haki ni kidogo kuliko hicho na kigumu kuliko hicho: mtu ajue kanuni yake yakoma wapi. Ajue kwamba 20 ni ya boriti yenye miguu miwili. Ajue ni kwa zege la nguvu gani, kwa mzigo gani, kwa udongo upi. Asiyejua mpaka wa kanuni huwa hana kanuni. Ana namba tu.

Wazee wa pwani walikuwa na bahati katika jambo hili, ingawa hawakuiita bahati. Nyumba za mawe za Lamu, Unguja na miji mingine ya Waswahili zina vyumba virefu na vyembamba, ambavyo upana wake kwa kawaida haufiki mita 3. Wageni wengi wamejiuliza sababu. Sababu ni mti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na mkoko hauvuki upana mkubwa kuliko huo pasipo kulegea. Boriti hizo zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji hata nchi za Ghuba, na huko nako vyumba vikawa vyembamba vivyo hivyo, mti mmoja ukiamuru upana wa sebule za mataifa mawili. Hiyo nayo ilikuwa kanuni, lakini kanuni iliyokuwa na mwili. Aliyetaka chumba cha mita 6 hakuhitaji mtu wa kumkanya. Aliibeba boriti, akaiweka ukutani, na ncha ya pili haikufika. Mpaka wa kanuni ulionekana kwa macho. Kompyuta imeondoa kikwazo kile, na imeondoa pamoja nacho onyo lililokuwa ndani yake. Boriti ya kwenye kioo huvutika kadiri kidole kinavyotaka.

Wala haifai kudhani kwamba hatari hii ni ya vijana wa pembeni mwa jiji pekee. Tarehe 23 Agosti 1991, katika ghuba moja karibu na Stavanger nchini Norway, jukwaa kubwa la zege la kuchimbia gesi baharini, lililoitwa Sleipner A, lilizama lilipokuwa likijaribiwa. Hakufa mtu, lakini hasara yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 700 hivi. Wahandisi wake walikuwa miongoni mwa wenye uzoefu mkubwa duniani, na programu waliyoitumia ilikuwa mashuhuri. Uchunguzi ulionyesha kwamba ukuta mmoja ulikuwa umegawanywa katika vipande vikubwa mno ndani ya kompyuta, hata nguvu za kukata zikapunguzwa kwa asilimia 47 katika hesabu, na ukuta ukatoka mwembamba kuliko ulivyopasa. Nondo za mahali pale nazo hazikufika zilipohitajika. Hesabu iliyofanywa upya kwa uangalifu baada ya ajali ilionyesha kwamba ukuta ungeshindwa maji yakifika kina cha mita 62. Kwa kweli ulishindwa kwenye mita 65. Maana yake kompyuta ilikuwa inaweza kusema kweli tangu mwanzo, kama ingeulizwa vema. Waliopewa kazi ya kusanifu jukwaa la pili walianza kwa njia za zamani, za karatasi na za kukokotoa kwa mkono, wakisubiri imani yao irudi.

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa kama hoja ya kuikataa kompyuta. Hiyo si hoja nzuri. Makosa ya mkono ni mengi kuliko ya mashine, na mchoraji anayekokotoa ngazi kwa kichwa saa sita ya usiku hapaswi kusifiwa kwa ushujaa.

Ngazi zenyewe zina fundisho lao, na Goba, penye nyumba zilizopandishwa vilimani, ngazi ni sehemu ya maisha. Kanuni inayotumika sana husema kwamba kimo cha kidato mara mbili, ukijumlisha na upana wake wa kukanyagia, kiwe kama milimita 630 hivi. Asili yake ni François Blondel, msanifu wa Kifaransa aliyefundisha Paris, ambaye katika kitabu alichoanza kukitoa mwaka 1675 alisema jumla hiyo iwe inchi 24 za Kifaransa za wakati ule, karibu sentimita 65. Alikipata wapi kipimo hicho? Katika hatua ya mtu atembeaye. Basi kila ngazi inayochorwa kwa kanuni hii imebeba ndani yake hatua ya mtu mzima wa Paris wa karne ya 17, ambaye hakuwa na ndoo ya maji kichwani wala mtoto mgongoni. Si kusema kwamba kanuni ni mbaya. Imewafaa watu wengi kwa karne tatu na nusu. Lakini mwenye kuitumia kwa nyumba ya bibi mwenye magoti mabovu apaswa kujua kwamba anampimia bibi kwa mguu wa mwingine.

Na hapo hapo pana jambo dogo zaidi ambalo wachoraji hulipita bila kulitazama. Orofa ya mita 3, kidato cha milimita 175: ukigawanya hupata vidato 17 na sehemu ndogo. Programu haiwezi kuchora sehemu ndogo ya kidato, kwa hiyo lazima iambiwe ikate au ijalize. Ikijaliza, huwa vidato 18, kila kimoja milimita 167, na nyumba hutoa nafasi kidogo zaidi. Ikikata, huwa 17, na kila kimoja hupanda kidogo kuliko kilivyoahidiwa. Vibaya zaidi ni pale fundi anapojenga 17 vya milimita 175 na kugundua juu kabisa kwamba zimebaki milimita 25, akazitupia kidato cha mwisho; mguu uliokwisha kuzoea hukosa kidato kile gizani. Kukata au kujaliza ni neno moja katika kanuni. Aliyeliandika ameamua nani atakayebeba kile kilichobaki, mfuko wa mwenye nyumba au goti la mpandaji, na yamkini aliliandika huku akifikiria chakula cha mchana.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kwa Nikomako, alitaja ufito wa risasi uliotumiwa na waashi wa Lesbos, ambao haukubaki umenyoka bali ulijikunja kulifuata jiwe. Aliutumia kueleza kwamba sheria, kwa kuwa husema mambo kwa jumla, hupungukiwa mbele ya kadhia moja moja, na kwamba insafu ni kuirekebisha pale inapopungukiwa. Mfano huu ni mzuri, lakini unahitaji ulinzi. Fundi apunguzaye mfuko wa saruji katika mchanganyiko naye atasema anaikunja kanuni ifuate hali. Mwenye nyumba aongezaye orofa juu ya msingi usioandaliwa atasema vivyo hivyo. Ufito wa Lesbos ulilifuata jiwe. Haukumfuata mwenye pesa. Anayeukunja lazima aweze kuonyesha jiwe liko wapi.

Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Lilikuwa limefika orofa 16, na ilielezwa wakati ule kwamba kibali kilikuwa cha orofa 10. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la biashara lilianguka Kariakoo, na waliokufa walipita 20. Misiba hii haitajwi hapa ili kuitwika kompyuta wala kanuni. Yatajwa kwa sababu yaonyesha namna kanuni inavyoweza kubaki kweli na nyumba ikawa uongo. Hesabu ya nguzo ya orofa 10 huwa sahihi hata milele kwa orofa 10. Orofa ya 11 ikiongezwa, hesabu haibadiliki kuwa kosa. Hugeuka kuwa habari ya jengo jingine.

Kiswahili kina viambishi vinavyofaa kulieleza jambo hili. Kanuni ya programu huijua -ki- vizuri sana: upana ukizidi mita 5, tumia nondo hizi, la sivyo, tumia zile. Yaweza hata kufundishwa -nge-, maana mchoraji huvuta boriti aone ingekuwaje. Isichokijua ni -ngali-. Lile neno la mtu asimamaye mbele ya kifusi, tungalijua tusingalijenga, halina mahali pa kuandikwa katika programu yoyote. Kumbuka ya binadamu imo katika -ngali- zaidi kuliko katika -ki-, na ndiyo sababu dhima haiwezi kuhamishiwa mashine hata mashine ikawa hodari kuliko mhandisi. Hodari ni yule asiyekosa. Mwenye dhima ni yule ambaye kosa litamwuma.

Tena kuna -ki- nyingine zilizofichwa. Kanuni ya msingi huhitaji kujua udongo unabeba mzigo gani. Kuupima udongo kwa kweli kuna gharama, na mwenye kujenga nyumba ya vyumba vitatu aghalabu hataki gharama hiyo. Kwa hiyo namba ya udongo huwekwa kwa kudhani, mara moja, ndani ya faili, na kuanzia hapo nyumba zote zitokazo katika faili lile husimama juu ya udongo ule ule wa kudhaniwa, ya kilimani na ya bondeni. Kudhani si dhambi. Mhandisi hudhani kila siku. Kuficha dhana mahali ambapo yaonekana kama kipimo ndiko kunakokaribia uongo, hata kama hakuna neno la uongo lililotamkwa. Mwenye nyumba aonapo mchoro uliochapwa kwa mistari myembamba yenye namba za milimita, hudhani kwamba kila namba imepimwa. Usafi wa karatasi humshuhudia mchoraji kwa jambo ambalo hakulifanya.

Yeyote apitaye Goba, au Temeke, au karibu mji wowote wa Tanzania, huona nyumba za chini zilizokamilika, zilizopakwa rangi na kuhamiwa, ambazo juu ya paa lake nondo zimeachwa zimesimama. Nondo zile ni barua ya mwenye nyumba kwa mwanawe: Mungu akijalia, orofa itaongezwa. Ni jambo la matumaini na lina uzuri wake. Lakini nguzo zilizo chini ya nondo zile zilikokotolewa kwa mzigo gani? Kanuni iliulizwa habari ya orofa ya pili, au iliulizwa habari ya paa la bati tu? Jibu limo katika faili, katika kompyuta ambayo baada ya miaka 10 itakuwa imekwisha kuharibika, kwa ufupisho wa maneno ya Kiingereza ambao hata mchoraji mwenyewe huenda aliukuta umeandikwa. Mwana atakapomwita fundi, fundi atazitazama nondo, atazipiga kwa nyundo kuona kutu, na kusema zinafaa.

Hapa dhima ya mtumiaji wa kanuni yapata umbo linaloweza kutekelezwa na mtu wa kipato cha kawaida. Hakuna amwambiaye mchoraji wa Goba asome Blondel wala arudie majaribio ya zege. Aweza lakini kuifungua kanuni kabla ya kuitumia, aisome, na yale masharti yaliyobaki nyuma ayarudishe katika karatasi kwa lugha inayosomwa na fundi. Mistari minne yatosha: nguzo hizi zimehesabiwa kwa orofa moja na paa la bati, nguvu ya udongo imedhaniwa, haikupimwa, roshani isitokeze zaidi ya mita 1 na nusu, nondo za roshani zikae juu. Hupinga baadhi ya watu wakisema kwamba maneno kama haya yatamtia hofu mwenye nyumba, naye atakwenda kwa mchoraji mwingine asiyeandika kitu. Pingamizi hili ni la kweli na lisidharauliwe, maana mchoraji naye ana watoto. Lakini ni pingamizi la soko, nalo lamhusu pia mnunuzi. Mwenye nyumba anayepewa ramani mbili, moja yenye neno imedhaniwa na nyingine isiyo nalo, bado hajaonyeshwa kwamba ile ya pili nayo imedhaniwa vile vile. Akionyeshwa, huenda akachagua ile ile ya rahisi. Siku hiyo atakuwa amechagua akijua, na nondo zilizo juu ya paa lake zitakuwa na mtu wa kuulizwa.